Masikio Chini ya Kitanda cha Masika

Liège, 12 Novemba 2024

Papa Kambere,

Sylvie wa sekretaria ameniambia simu yako ni ya kupiga tu, haioni picha wala haina haja nazo, na kwamba nikitaka unijibu vizuri niandike barua, yeye ataichapa na kukupa mukononi. Basi naandika. Tangu nitoke shule sijamwandikia mutu barua, kwa hiyo usinicheke.

Siku ile ya mwezi wa nane, tulipokuwa juu ya ngazi tunabandika vile visanduku kumi na viwili, uliniuliza vinatumika nini. Nilikujibu mbiombio kwa sababu ndege ya kunirudisha Ulaya ilikuwa inaningoja. Nikujibu sasa. Ndani ya ordinateur yangu huku, kompyuta yangu ya kazi, kuna Maternité Sainte-Zita nyingine, mufano wa hospitali yenu ya uzazi pale Birere. Ina kuta zile zile, tangi lile lile juu ya paa, hata ule mulango wa chumba cha kufulia usiotaka kufunga. Tunaiita pacha. Visanduku vinapima joto la jengo lako, unyevu wake, hewa ambayo watu wanapumua, na namna kuta zinavyotikisika. Vinapeleka habari kwa antena ya paani, antena inazituma kwangu, na pacha anabadilika hapo hapo. Ukuta wako ukipata homa, wangu nao unapata.

Kila asubuhi naangalia kabla ya kunywa chai. Naona chumba cha bamama kikipata joto saa ya wageni, naona maji yakipanda kwenye bomba. Ni kama jengo limekuwa la kioo, na bado sijazoea.

Nenda uangalie nyuma ya chumba cha kufulia, upande wa ziwa, urefu wa goti. Ukuta pale ni baridi kuliko sehemu nyingine, na tangi linapungua hata wakati hakuna anayechota.

Jambo moja nakuomba: visanduku visihamishwe. Kila kimoja kina fasi yake na namba yake, na pacha haulizi, anaamini tu. Ukimutoa namba ine chumba cha bamama ukamuweka jikoni, atanipigia kelele kwamba bamama wanapikwa.

Mama yangu, yule wa vitenge pale Birere, anakusalimu.

Aurélie Nshobole


Goma, 24 Novemba 2024

Ingénieur Aurélie, mwana wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nimekaa juu ya ndoo nyuma ya chumba cha kufulia na nyundo mukononi. Nilivunja urefu wa goti. Maji yalikuwa pale. Mutu asiye na adabu alipigilia musumari akatoboa bomba, na maji yalikuwa yanajiendea ndani ya mawe bila tone moja kutoka inje. Ukuta ule niliujenga mimi mwaka 2003, jiwe kwa jiwe, juu ya lava iliyokuwa imekula jengo la kwanza, na sikujua. Wewe uko Ulaya umevaa makoti matatu, na ulijua. Nilivua kofia, na hapakuwa na mutu wa kumuvulia.

Nyinyi watu wa Bukavu muko na maneno mengi, kwa hiyo nikasema nikupime. Alhamisi ile nilipiga ukuta wa chumba cha bamama na ngumi mara tatu, nikangoja, nikapiga mara mbili. Sikumwambia Sylvie nimepiga fasi gani. Jibu lako lilifika kwenye simu yake kabla sijaosha mikono: tatu, halafu mbili, kuume kwa dirisha. Sister Daniella, mukubwa wetu, alifanya alama ya musalaba. Mimi nilikaa chini. Tangu siku ile siviiti visanduku tena, naviita masikio. Nimeapa mbele ya Sister kwamba hakuna atakayeyagusa nikiwa hai.

Lakini na mimi niko na langu. Ukuta wa magharibi unalia kabla ya mvua kubwa, sauti ndogo kama ya mutu anayevunja kidole. Nimewaambia watu miaka ishirini na wananicheka. Muulize pacha wako kama anajua.

Nyumbani Mapendo tuko vizuri. Mama Marcelline amekwenda Butembo kumuuguza mama yake. Masika, binti yangu, ana mimba, na bwana wake Guylain anatafuta kazi Kisangani, basi namujengea chumba nyuma ya nyumba, kwenye ile fasi iliyobaki wazi tangu volkano ya 2021. Sakafu nimeilainisha mpaka inang'aa kama sahani. Ungekuwa karibu ningekuonyesha.

Kambere, fundi na mulinzi wa Sainte-Zita


Liège, 9 Desemba 2024

Papa Kambere,

Nimemuuliza pacha. Nimerudi nyuma miezi mitatu, mvua kubwa kumi na moja. Mara tisa, saa moja au mbili kabla ya mvua, ukuta wa magharibi ulisogea. Ulisogea kidogo kuliko unene wa unywele, na mimi nilikuwa nimekwisha kuandika kwamba ni makosa ya kipimo. Nilisoma miaka sita, na habari hiyo ilikuwa mbele ya macho yangu kila wiki. Wewe uliipata kwa kusimama pale na kunyamaza.

Niliwaonyesha wenzangu wa kazi. Mukubwa wangu aliuliza ni nani aliyegundua. Nikasema ni fundi wa Goma mwenye masikio mawili tu.

Sasa nasikia aibu kwa lile neno nililokuandikia, kwamba jengo limekuwa la kioo mbele yangu. Pacha anajua fasi tuliyomuwekea sikio. Pengine pote ni wewe.

Mupongeze Masika. Na usimubebeshe mawe, nakujua.

Aurélie


Goma, Mapendo, 6 Februari 2025

Marcelline, mama Masika,

Tuko wazima. Naanza na hilo ili upumue, mengine yafuate.

Una mujukuu. Amezaliwa tarehe 28 ya mwezi wa kwanza, vita imeingia mujini, risasi zikilia, ndani ya kolidoro ya Sainte-Zita kwa sababu kolidoro haina dirisha. Ni mwanaume, ni Mumbere, wa kwanza, na ana mikono mikubwa ya fundi. Siku ya tano nilimuleta yeye na mama yake nyumbani. Wanalala katika chumba kipya, kwenye kile kitanda cha miguu mifupi nilichokipigilia mwenyewe, mimi nalala sebuleni. Simu yangu waliichukua Birere, usiniulize ni nani, sikuwaangalia usoni. Sylvie ndiye atakutumia foto ya barua hii; ameniahidi hataisoma, na namuamini.

Sasa nikuambie jambo ambalo hakuna mutu mwingine anajua, hata Masika. Wiki ile watu walikuwa wanaingia kila fasi kuchukua: milango, mabati, waya, vyoo vyenyewe. Nikafikiri juu ya masikio ya yule mutoto Aurélie. Nikapanda ngazi nikayabandua yote kumi na mawili, nikayatia ndani ya gunia, nikaweka mashu ya Kibumba, kabichi kubwa kubwa, juu yake, nikasukuma chukudu na magurudumu yake ya mbao mpaka nyumbani kama mutu anayetoka sokoni. Antena ya paani niliiacha na kipande chake cha sola, inafanana na chuma kibovu. Masikio yako chini ya kitanda cha Masika.

Niliapa mbele ya Sister. Kila nikipita kwenye ofisi yake naona uso wangu unawaka. Sikuiba, Marcelline, nililinda, lakini mutu aliyeapa akienda kueleza anaonekana mwizi, na kazi hii ndiyo inatulisha. Fujo ikipoa nitayarudisha kimya kimya, kila moja fasi yake, na itakuwa imekwisha. Hakuna hasara. Yamelala tu mule ndani ya gunia. Sikio bila ukuta litasikia nini?

Habari ndogo ndogo: kuku wako mweusi, yule niliyemuweka kikapuni chini ya kitanda hicho aatamie, amekufa juu ya mayai yake. Ni ugonjwa wa kuku. Masika anaamka kila asubuhi na kichwa kizito, tunamupa dawa ya malaria. Mama Mukantwari jirani anatutendea mema, kila siku ila Jumapili, saa kumi, anakuja kumutwangia sombe ya majani ya muhogo, kinu wamekiweka kwenye ukuta wa chumba.

Kambere wako


Liège, 10 Februari 2025

Papa Kambere,

Sylvie ameniambia uko muzima. Nilikuwa natembea ndani ya nyumba, nikakaa chini pale pale kwenye kizingiti.

Siku tisa pacha alikuwa giza. Juzi mutandao umerudi, na antena ikamwaga yote iliyokuwa imeyaweka. Nimeyasoma mara nyingi, na naogopa.

Tangu mwisho wa mwezi wa kwanza jengo limebadilika. Vyumba kumi na viwili vina joto moja na unyevu mumoja, kama kuta za katikati zimeanguka. Karibu kila siku kwenye saa kumi za jioni jengo zima linatikisika karibu nusu saa, kutoka chumba cha kwanza mpaka cha mwisho kwa mupigo mumoja. Na lililo baya zaidi ni hewa. Namba ine, chumba cha bamama, peke yake ndiyo yenye kipimo cha gesi, na kuanzia alfajiri inahesabu ile gesi nzito, ile ya mazuku. Unajua kuliko mimi inavyoua mbuzi kwenye mashimo kule kando ya ziwa. Inapanda mpaka asubuhi, inashuka mulango ukifunguliwa, na kesho yake inapanda juu kuliko jana.

Sijamwandikia Sister Daniella. Watu huko wamekwisha kuogopa vya kutosha, na wewe ndiye ninayemuamini. Nenda ukaangalie chumba hicho leo. Ukiona hata dalili moja, toa bamama wote.

Aurélie


Goma, 12 Februari 2025

Ingénieur Aurélie,

Nimekwenda. Nimepita vyumba vyote kumi na viwili na nyundo yangu ndogo, nimegonga kila kona, kuta zinajibu vizuri, hakuna iliyoanguka. Chumba cha bamama nilifanya kama tulivyokuwa tukifanya zamani kando ya ziwa: niliwasha mushumaa, nikaushusha polepole mpaka chini ya vitanda. Mwali ulisimama wima. Bamama walinicheka, mumoja akauliza kama natafuta mali iliyozikwa. Mazuku haijafika Birere.

Nadhani pacha wako ameshikwa na hofu ya siku zile kama sisi sote. Muache apumuzike. Mambo yakitulia kabisa atarudia akili zake, utaona, hata mwezi hautakwisha.

Masika amezaa mwanaume. Kichwa kinamusumbua asubuhi, lakini mutoto ananyonya vizuri.

Sina mengine ya kukuambia.

Kambere


Butembo, 14 Februari 2025

Baba Masika,

Mujukuu nimemuona kwenye foto ya Sylvie. Mikono ni yako kweli, pua namushukuru Mungu ni ya kwetu.

Sasa nisikilize. Miaka thelathini na moja tumekaa pamoja na sijaona ukificha jambo likakaa vizuri. Ulificha ndoa ya dada yako, tukaijua kabla ya harusi. Mwandikie yule mutoto wa Bukavu ukweli. Ana mama, ana adabu, hatakula nyama yako.

Na lingine, kwa kuwa umeanza kuungama. Kile chumba. Mimi nilikuwepo 2021 wakati udongo ulipopasuka katika uwanja wetu, nilitia mukono wangu ndani ya ule ufa ukaingia mpaka bega, na chini kulikuwa na joto. Wewe ulijaza mawe, ukapiga simenti juu, ukasema imekwisha, tusiwaambie watu wasije wakatucheka. Nikanyamaza. Nilipoondoka hukuniambia kwamba unajenga juu yake. Nimeambiwa na Masika kwa simu ya jirani. Umemulalisha mutoto wangu juu ya ufa, Kambere, kwa sababu sakafu yako inang'aa.

Muhamishe alale sebuleni. Sina sababu za watu waliosoma. Sipendi tu.

Marcelline


Liège, Jumamosi 15 Februari 2025

Papa Kambere,

Sylvie, simu yako hailii; ukiona barua hii usingoje kuichapa. Chukua moto, pikipiki ya kwanza utakayoona, umupelekee.

Papa, leo nilikaa na ile mitikisiko ya saa kumi, mupigo kwa mupigo. Arobaini hivi, mizito. Kimya, kama cha mutu anayekwangua kando. Arobaini tena. Kimya. Halafu myepesi, ya haraka, ya kumalizia. Nilitafuta kwenye vitabu vyangu ni mutikisiko gani unaofanya vile. Halafu mukono wangu wenyewe ukaanza kufuata juu ya meza, na nikajua. Ukoo wetu ni wa Bukavu, lakini nimelelewa Birere. Ule ni muchi, na ndani ya kinu ni sombe.

Nililia, na haikuwa kwa uchungu. Wiki nzima nilikuwa naangalia jengo linaloanguka, kumbe naangalia mama anayepika, kilomita elfu sita kutoka hapa, na naweza kuhesabu pumzi zake.

Sainte-Zita haina kinu. Masikio yako ndani ya nyumba ya mutu, yote kumi na mawili pamoja, chini karibu na sakafu. Sikuulizi kwa nini. Ungekuwa umeyauza singeuliza. Lakini hayalali, Papa, hata ndani ya gunia. Kila moja lina betri yake, na antena inayasikia kutoka Birere mpaka mbali. Hayahitaji ukuta. Yanasema ukweli wa fasi yalipo.

Na fasi hiyo ina mazuku. Mimi ndiye niliyekutuma kuitafuta katika chumba kisicho chake. Jana kulikuwa na tetemeko dogo, tangu hapo gesi imepanda mara mbili, na leo asubuhi namba ine imefika mwisho wa kipimo chake. Haiwezi kuhesabu zaidi.

Kuna kitu kingine. Kila alfajiri kuna hatua ndogo, saba kwenda, saba kurudi, muda murefu. Ni mutu anayebembeleza. Leo hatua hizo hazikuwepo. Papa, kuna mutoto ndani ya chumba hicho?

Watoe kwanza. Mengine baadaye.

Aurélie


Goma, Mapendo, 17 Februari 2025

Mwana wangu Aurélie,

Kuna mutoto. Yuko, na leo amenyonya mpaka amechoka. Ndiyo ya kwanza uijue.

Sylvie alifika Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi, amefunga kitenge juu ya nguo ya kulalia, mwenye moto bado hajazima pikipiki. Nilikuwa napiga viatu rangi kwa ajili ya misa. Mulango wa Masika ulikuwa umefungwa, nikasema moyoni, muache alale, kichwa kitapoa. Sylvie hakunisalimu. Alisoma kwenye simu yake amesimama. Aliposoma "hazikuwepo" nilikuwa nimekwisha kuvunja ule mulango.

Masika alikuwa amelala na macho nusu wazi. Nilimuita na hakunijua. Mumbere alikuwa kifuani kwake, ametulia kupita mutoto aliyelala. Sylvie alimubeba mutoto, mimi nilimuvuta binti yangu kwa mabega mpaka inje, kichwa changu kinazunguka. Pale uwanjani Masika alitapika, akaniuliza kwa nini namutazama vile. Mutoto hakulia. Mama Mukantwari alikuja mbio, akamunyang'anya Sylvie mutoto, akamufinya unyayo kwa kucha. Halafu mutoto akalia. Akalia, Aurélie, na jirani wote wakatoka. Mimi nimesikia watoto wengi wakilia pale Sainte-Zita kwa miaka ishirini na sijawahi kukaa chini kwenye matope kwa sababu ya mumoja.

Baadaye, daktari alipokwisha kuwaangalia, nilirudi na mushumaa. Nilisimama mulangoni na kunyoosha mukono. Kwenye urefu wa kifua uliwaka. Nikaushusha. Sentimita chache juu ya sakafu mwali ulilala, ukawa wa buluu, ukazimika kama nimeutia ndani ya ndoo ya maji. Hakuna kitu pale ninachokiona. Sakafu ilikuwa inang'aa.

Sasa ukweli wangu. Masikio niliyabandua mimi, kwa kuogopa wezi, nikayaficha chini ya kitanda kile. Nilipoapa nilijua ninachoapa. Halafu ulipoandika habari ya mazuku, nilikwenda kupima Birere, nikarudi kulala nyumbani, na haikunijia hata mara moja kwamba ulikuwa unaniambia habari ya nyumba yangu. Kuku alikufa na sikuelewa. Marcelline aliandika na barua yake ilikuwa mufukoni siku mbili sijaifungua kwa kuwa nilijua atanigombeza. Chini ya chumba kile kuna ufa wa 2021. Niliuziba kwa mikono hii, nikajenga juu yake kwa mikono hii, na nikajisifu kwako.

Leo nimevunja sakafu yote. Ufa uko pale pale, unapumua.

Masikio yote kumi na mawili ni mazima. Nitamwambia Sister kesho mimi mwenyewe. Wakinifukuza watakuwa na haki.

Kambere


Liège, 20 Februari 2025

Papa Kambere,

Nimesoma barua yako ndani ya basi, watu wakaniachia kiti.

Mukubwa wangu ameniamuru nifute siku zile zote, kwa sababu ni habari za jengo lingine na zinamuharibu pacha. Ni kweli zinamuharibu. Nimezitoa Sainte-Zita. Lakini sikuzifuta. Nimechora nyumba mupya, chumba kimoja, nikaziweka humo. Najua kitanda kilikuwa fasi gani kwa sababu ya joto la watu wawili, mukubwa na mudogo. Najua Mama Mukantwari haji Jumapili. Siku ya tarehe 16, saa kumi na mbili na dakika thelathini na saba, mulango unavunjika. Halafu gesi inaanza kushuka, kushuka, mpaka mwisho wa karatasi. Nimeuangalia ule mustari mara nyingi kuliko kitu chochote nilichotengeneza.

Nilifikiri kazi yangu ni kuangalia majengo.

Rudisha masikio kumi na moja. Namba ine muache Mapendo, juu ya ule ufa. Sainte-Zita nitatuma lingine. Na Sister akikufukuza, mwambie anifukuze na mimi.

Aurélie


Goma, 9 Machi 2025

Mwana wangu Aurélie,

Sister Daniella alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho. Akanyoosha mukono, nikampa funguo zote. Akazishika kidogo, akazipima uzito, akanirudishia. Halafu akaniuliza, kwa sauti ndogo, kama naweza kwenda na mushumaa wangu kuangalia chumba anacholala.

Habari imezunguka. Kila Jumapili baada ya misa watu wananingoja mulangoni pa kanisa. Naingia nyumba za watu na mushumaa, mimi muzee mwenye viatu vilivyopigwa rangi, napiga magoti kwenye kila kona, na watu wazima wanasimama nyuma yangu wakiangalia mwali. Mapendo nimepita nyumba ishirini na sita. Ishirini na tano mwali ulisimama.

Masika na Mumbere wanalala sebuleni, Marcelline amerudi jana kupitia njia ndefu ya Uganda, ananigombeza tangu alipofika na ana haki. Chumba nimekibomoa. Namba ine amekaa juu ya ufa ndani ya kizimba cha waya, Mumbere akilia namuonyesha kutoka mbali. Leo saa tisa nitapiga ukuta wa Sainte-Zita mara tatu, unijibu kama zamani.

Ile nyumba ya ishirini na sita ni ya Mama Mukantwari. Ufa wetu umepita chini ya ua mpaka kwake, chini ya mukeka, na yeye hakuwahi kujua kwa sababu mimi niliuziba na sikumwambia mutu. Mushumaa ulizimika kwenye urefu wa kiganja. Yule aliyemufinya mujukuu wangu unyayo, watoto wake mwenyewe walikuwa wanalala pale chini. Niliwabeba mwenyewe, mumoja mumoja, na mikeka yao, mpaka sebuleni kwetu.

Mushumaa unaona dakika ile unayoushika tu. Tuma masikio mengine. Na kwanza, kabla ya yote, chora nyumba ya tatu ndani ya ordinateur yako na uandike: nyumba ya Mukantwari, Mapendo, chumba kimoja, watoto watatu, wazima.

Kambere